Sitara ya Nyumba

"Mwanangu, mtu mwema anaficha nini?" Mzee mmoja wa Nyamisati, wilayani Kibiti, aliniuliza hivyo nilipokuwa namchagulia ruta ya nyumbani, yenye prosesa iliyojengewa usimbaji ndani yake. Nilitaka mazungumzo yake na binti yake aliyeko Muscat, na hesabu zake za kamba na kaa, vipite kwenye VPN, yaani njia ya intaneti iliyosimbwa, bila kusomwa njiani.

Swali lake ni zito, kwa kuwa huku kwetu siri imeua. Aprili 2017 askari polisi 8 waliuawa Kibiti kwa siku moja, na viongozi wa vijiji nao wakauawa na watu wasiojulikana. Aliyeishi miaka ile ana haki ya kuuogopa mlango uliofungwa.

Hata hivyo, dini yetu haikuziharamisha siri zote. Sura ya Nuur, aya ya 27, inatukataza kuingia nyumba ya mtu kabla ya kuomba idhini na kutoa salamu. Hujuraat, aya ya 12, inakataza kupelelezana. Hakuna sharti kwamba mwenye nyumba athibitishe kwanza wema wake. Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania nayo inalinda mawasiliano ya mtu. Hiyo ndiyo sitara. Khiyana ni kuigeuza sitara hiyo silaha ya kumdhuru mwenzako.

Prosesa inahusikaje? AES, usimbaji uliofanywa kiwango rasmi cha Marekani mwaka 2001, ni hesabu inayorudiwa kwa kila kipande cha data. Prosesa yenye amri maalumu za AES huifanya bila taabu. Isiyo nazo hulemewa, na intaneti ikazorota. Raspberry Pi 4, ambayo wengine huigeuza ruta, haina amri hizo. Raspberry Pi 5 ya 2023 inazo. Mwenye kutumia VPN ya WireGuard hahitaji kuzilipia, maana usimbaji wa ChaCha20 unaotumika humo huenda kasi hata kwenye prosesa ya kawaida. Fundi mwaminifu humweleza mteja hayo kabla hajatoa fedha.

Wepesi wa usimbaji ni suala la maadili, kwa sababu mwovu ni mvumilivu. Mwenye uhalifu wa kuficha atasubiri hata ukurasa ukichukua dakika nzima kufunguka. Wakala wa fedha za simu pale Bungu, mwenye foleni ya wateja mlangoni, hatasubiri. Atauzima ulinzi siku hiyohiyo. Vifaa dhaifu hutuachia mji ambamo waovu peke yao ndio waliositirika.

Nilimjibu, "Mzee wangu, mtu mwema anaficha vya wenziwe alivyoaminiwa: shida za binti yako, deni la jirani, maradhi ya mkeo." Nikamweleza pia kwamba Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, iliwataka watumiaji wa VPN watoe taarifa, na kwamba kutii hilo hakumvunjii mtu sitara yake.

Fundi anayechagua prosesa kwa kutazama bei tu ameshaamua, pasipo kutamka, nani atasitirika na nani ataachwa wazi. Uamuzi huo ataulizwa.