Amwuguzaye Mwenye Kufa, Naye Auguzwe na Nani?

 

Darasa letu limeletewa masuala kwa barua na binti mmoja wa mji huu, ambaye jina lake hatutalitaja, wala jina la mahali aliko ajiriwa. Binti huyu ni mwuguzi. Kazi yake ni kuwazungukia majumbani wagonjwa ambao tabibu amekwisha kusema kuwa ugonjwa wao hauna kupona, walio wengi ni wa saratani, katika vijiji vya Giakanja na kandokando yake, upande wa mji wa Nyeri, baina ya Mlima Kenya na milima ya Nyandarua. Huko ni bara yenye baridi, na mashamba ya kahawa na majani ya chai, na wenyeji wake ni Wakikuyu, walio wengi Wakristo. Watoto wake wawili wako hapa petu kwa nyanya yao.

Ameandika maneno ambayo tuliyasoma mara mbili darasani na watu wakanyamaza. Asema kuwa miaka ya mwanzo alikuwa akilia njiani arudipo kwa mgonjwa aliyefariki. Sasa halii tena. Mtu hufa alfajiri, na saa mbili za asubuhi yeye huwa amekwisha kuliandika jina lake daftarini na kuandika la mwengine chini yake, kama karani ahesabuye magunia ya kahawa. Asema kuwa watoto wake wampigiapo simu huwajibu kwa ukali, kisha hukaa akajichukia. Asimama kwenye sala na ulimi wake wasoma na moyo wake hauko. Na alipokuja mjini kwa Idi akamweleza mtu mzima wa jamaa zake, aliambiwa kuwa hiyo ni imani iliyopungua, na kwamba lau angekuwa na subira yasingemfika hayo. Tena, amfuatia nini huko, akiumaliza ujana wake kwa kuwaosha vidonda watu wasio wa dini yake?

Masuala haya si ya mtu mmoja, na kwa hivyo tumeona yatupasa kuyajibu mbele ya watu wote.

Kwanza yataka watu wa mji waijue kazi yenyewe, kwani wengi hudhani kuwa hospisi ni mahali pa kumtupa mtu afe. Mwanzo wa hospisi za namna hii za zama zetu ni mwaka 1967, katika mji wa London, alipoifungua St Christopher's bibi mmoja aitwaye Cicely Saunders, aliyekuwa mwuguzi kabla ya kuwa daktari. Nairobi ilipata yake mwaka 1990. Mombasa inayo, na Nyeri inayo. Kazi yao si kumponya mgonjwa wala kumharakishia mauti. Ni kumwondolea maumivu, kumsafisha vidonda vinavyonuka hata jamaa zake wakavikimbia, kumgeuza ubavu asioze mgongo, na kukaa naye asije akafa akiutazama ukuta. Nao wengi wao hawamngoji mgonjwa aje. Humwendea nyumbani kwake, kwa gari panapo njia na kwa miguu pasipo.

Dawa yao kubwa ya maumivu ni mofini ya maji, inywewayo kwa kipimo. Wako Waislamu wanaoikataa kwa kudhani kuwa ni kileo, wakamwacha mzee wao akipiga mayowe siku kumi. Hili ni kosa. Dawa ya kuondoa maumivu, itolewayo kwa haja na kwa kipimo cha tabibu, hairudi ikawa ulevi, na dharura katika sheria yetu ina hukumu zake zijulikanazo hata na mwanafunzi wa chuoni. Twalitaja hili kwa sababu mwuguzi ndiye asimamaye mlangoni na chupa mkononi, huku akitukanwa na wana wa mgonjwa, na mgonjwa mwenyewe yuko ndani amwita.

Na mzigo huu hubebwa na wauguzi kuliko madaktari. Tazameni Uganda, ambako Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993: mwaka 2004 sheria ya huko iliwapa ruhusa wauguzi waliosomeshwa kazi hii wamwandikie mgonjwa mofini wenyewe, kwa kuwa madaktari ni wachache na vijiji ni vingi. Ni jambo jema sana. Lakini maana yake ni kuwa mwanamke mmoja ndiye tabibu, ndiye mwoshaji, ndiye mwenye kuwapa jamaa habari mbaya, na ndiye wa kulaumiwa.

Ama hali iliyomfika binti yetu, ina jina kwa matabibu. Mwaka 1974 daktari wa nafsi wa New York, Herbert Freudenberger, aliandika juu ya watumishi wa zahanati za mafukara walioingia kazini na moyo mkunjufu, kisha wakawa kama nyumba iliyoungua ndani kuta zikabaki. Na mwaka 2019 Shirika la Afya la Ulimwengu liliieleza hali hii katika orodha yake ya magonjwa, likasema kuwa haihesabiwi kuwa ugonjwa, bali ni jambo litokalo katika kazi, nayo ina alama tatu: nguvu kumwisha mtu, moyo wake kujitenga na kazi au kuidharau, na kuona kuwa alitendalo halina faida. Binti yetu hakuisoma orodha hiyo, lakini barua yake ina alama zote tatu. Wazee wetu waliotumia kandili walilijua jambo hili bila daktari: mafuta yakisha, utambi hujila wenyewe, na mwangaza wake wa mwisho huwa wa moshi. Hakuna aliyeulaumu utambi.

Basi ni upungufu wa imani? Twamwomba yule mtu mzima aifungue Surat Yusuf. Nabii Yaaqub, amani imshukie, ndiye aliyejiahidi subira njema alipoletewa kanzu yenye damu, na ni huyo huyo ambaye macho yake yalikuwa meupe kwa huzuni. Mwenyezi Mungu hakumwondolea jina la subira kwa ajili ya machozi yake. Na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipomshika mwanawe mdogo Ibrahim akikata roho, macho yake yalimiminika machozi, hata Abdurrahman bin Auf akastaajabu, naye akamjibu kuwa hiyo ni rehema. Akaeleza kuwa jicho hulia na moyo huhuzunika, na ulimi hausemi ila linalomridhi Mola. Ikiwa bora wa viumbe alilia kwa mtoto mmoja, ni nani awezaye kumtaka mwanamke aone mauti kila juma, mwaka baada ya mwaka, na asishikwe na kitu? Twaona kuwa subira imefanywa na watu wengi kuwa ni neno la kumnyamazishia mwenye kulemewa, ili msikiaji apate kwenda zake.

Na hilo la kukauka machozi, binti yetu asilidhani kuwa moyo wake umekufa. Mwenye moyo uliokufa haandiki barua ya kurasa sita kuuliza juu yake.

Kisha lipo jambo la haki ya mwili, na hapa tunamlaumu kidogo yeye mwenyewe, lawama ya mapenzi. Asema kuwa siku yake ya mapumziko huitumia kuwazungukia wagonjwa wale wale, kwa kuona haya kulala ilhali wao wana maumivu. Walikuwako masahaba wawili, Salman Mfursi na Abu Dardaa, ambao Mtume aliwafanya ndugu. Salman alikwenda kumzuru nduguye, akamkuta mkewe amechakaa, akamwambia kuwa Abu Dardaa hana haja na dunia: mchana hufunga na usiku husimama kwa sala. Salman akakataa kula mpaka mwenziwe afungue saumu yake ya sunna ale naye. Usiku ulipoingia kila Abu Dardaa akitaka kuinuka, Salman humwambia lala, mpaka ulipofika mwisho wa usiku wakasali pamoja. Akamfahamisha kuwa Mola wake ana haki juu yake, na nafsi yake ina haki, na watu wake wana haki, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Habari ilipofika kwa Mtume alisema kuwa Salman amesema kweli. Ikiwa ibada yenyewe ilirudishwa kwenye kiasi, uuguzi nao warudishwa. Usingizi wa siku yake ya mapumziko ni deni la mwili wake, na simu za watoto wake ni deni jengine.

Ama lile neno la kuwa anawauguza wasio wa dini yake, lilituudhi. Mtume alikuwa na kijana Myahudi amtumikiaye. Alipougua, alimwendea akakaa kichwani pake. Na ametufunza kuwa kumtendea wema kila chenye ini bichi mna ujira. Bibi kizee wa Giakanja afaye kwa saratani ya koo katika nyumba ya mabati hakuwekwa mbali na neno hilo na mtu yeyote. Na watu wasemao kuwa uuguzi ni kazi duni na waulize habari ya Badri, mwaka wa pili wa Hijra. Sayyidna Uthman hakuhudhuria vita vile, kwani Mtume alimwacha Madina amwuguze mkewe Bibi Ruqayya, binti ya Mtume, naye akafariki katika maradhi hayo. Uthman alipewa fungu lake la ngawira na akaahidiwa ujira kama aliyepigana. Yaani mtu aliyekaa kando ya kitanda cha mwenye kufa, na mgonjwa wake asipone, alihesabiwa pamoja na watu wa Badri!

Sasa twageuka kwetu, kwani hapa ndipo penye lawama kubwa. Kumwuguza mgonjwa asiye na mtu ni faradhi ya kutoshelezana. Wakiisimamia baadhi, wengine huokoka, na wote wakiiacha, wote hupata dhambi. Sisi tumeichukua faradhi hii tukawatupia wanawake wachache wapokeao mshahara, kisha tukasema tumeokoka. Lakini mtu akisha kufa, hapo twatoka. Hupigwa turubai, huchinjwa ng'ombe, huja watu wa mitaa mitano wasiomjua maiti kula pilau siku ya tatu na siku ya arubaini, na wafiwa huingia madeni. Mgonjwa alilala miezi minne asipate wa kumpokea mkewe saa mbili ili apate kuoga. Mafundisho ya Mtume ni kinyume cha haya. Ilipofika habari ya kufa kwa Jaafar katika vita vya Muta, aliamrisha watu wawapikie jamaa za Jaafar, kwa sababu wameshughulishwa na msiba. Na Bibi Aisha alikuwa akiamrisha upikwe uji wa shayiri kwa mgonjwa na kwa mwenye kufiwa, kwani alisikia kwa Mtume kuwa watuliza moyo. Uji, ndugu zetu, wala hapana turubai.

Mwuguzi wa hospisi hufiwa kila juma, na hakuna ampikiaye.

Tumekata shauri darasani, nalo ni dogo. Ndugu watatu wamejitolea kuwa gharama ya khitima waliyoikusudia mwezi ujao itolewe sadaka kwa ajili ya nauli na dawa za wagonjwa wa majumbani hapa mjini, na thawabu waombewe maiti wao. Wanawake wa darasa la alasiri wataandikiana zamu: ya kuwapokea wenye kuuguza hapa petu saa mbili mbili, na ya kumsaidia yule nyanya alee wajukuu wake. Tumewaandikia pia Waislamu wa mji wa Nyeri, ambao wana msikiti wao, wamjue dada yao wa Giakanja na wake zao wamwite kula Ijumaa. Naye twamnasihi jambo ambalo wauguzi wenye uzoefu hulifanya: asiende peke yake kwa mgonjwa aliye karibu na mauti pakiwa na mwenziwe, na mgonjwa akisha kufariki, wale waliomhudumia wakae japo robo saa na chai, wamtaje marehemu kwa jina, na kila mmoja aseme lililomlemea, kabla ya jina la pili kuandikwa daftarini.

Lake la mwisho lilikuwa hili: je, ni dhambi kuomba ahamishwe kwa miezi sita akafanye kazi kwenye wodi ya wazazi, kwa watoto wanaozaliwa, na hali ana bibi kizee mmoja amzoeaye, aliyemfunza maneno ya Kikuyu, na ambaye huenda asiufikie mwezi huo? Jawabu ni kuwa si dhambi, wala si kukimbia. Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi ila kwa kadiri ya uwezo wake. Aombe, na akipewa aende. Lakini asimwache yule bibi kwa barua. Aende kwake na mwuguzi atakayempokea, amwonyeshe namna bibi apendavyo kugeuzwa na chai yake itiwavyo sukari, amwambie kwa ulimi wake kuwa anaondoka na kwa sababu gani, waagane, kisha apande gari.