Kungwi wa Mashine

Mwanzo wa kitu una amri juu ya mwisho wake. Mbegu hupandwa siku moja, lakini mkulima hula matunda yake, matamu au machungu, kwa miaka mingi. Mtoto hufundwa kwa muda mfupi, lakini mafundisho ya muda huo humfuata mpaka kaburini. Kwa sababu hii watu wa mataifa mengi wameuliza swali moja kwa maneno mbalimbali: ni nani mwenye haki ya kusema neno la kwanza, na je, ana haki ya kulisema kwa siri?

Wazaramo, ambao Kisarawe na Kibaha ni sehemu ya nchi yao ya asili, walilijibu swali hilo kwa jando na unyago. Mvulana alipelekwa kumbini chini ya ulinzi wa nyakanga. Msichana alipovunja ungo aliwekwa ndani akawa mwali, na kungwi akamfunda mambo ya utu uzima. Mwali alipewa mwana hiti, kinyago kidogo cha mti, akakitunza kama mama atunzavyo mtoto. Mambo hayo yalifanywa faraghani, na asiyefundwa hakuruhusiwa kuyajua. Hata hivyo siri ile ilikuwa na masharti matatu yaliyoifanya iwe halali machoni pa watu. La kwanza, kungwi alijulikana kwa jina na kwa ukoo, na akikosea aliweza kuulizwa. La pili, siri ilikuwa na muda wake. Siku ya kutolewa mwali ilifika, ngoma ikapigwa, mlango ukafunguliwa. La tatu, nalo ndilo kubwa, aliyefundwa leo aliweza kuwa kungwi kesho. Siri ilimngojea kama urithi.

Katika wilaya hizo mbili leo yuko mwali wa namna nyingine, naye ni kompyuta. Shuleni huandika alama za wanafunzi, hospitalini hutunza habari za wagonjwa, ofisini huhesabu fedha za umma. Mtu aiwashapo huona nembo ya kampuni, kisha dirisha la kazi, akadhani kwamba mashine imeanza pale. Kumbe imekwisha kufundwa. Umeme uingiapo, kichakataji, ambacho ndicho ubongo wa mashine, huamka bila ya kumbukumbu ya kuandikia. Kichakataji cha ukoo wa x86, hata kikiwa kipya namna gani, huamka na tabia za babu yake wa mwaka 1978. Kwa kawaida huenda moja kwa moja mahali palipowekwa tangu kiwandani, baiti 16 tu chini ya mpaka wa gigabaiti 4, na hapo husoma amri ya kwanza, iliyohifadhiwa katika chipu ndogo kwenye ubao mkuu. Amri zifuatazo hukifundisha kutumia hifadhi yake ndogo ya ndani kama kibao cha muda, kwa kuwa kumbukumbu kubwa haijaamka. Kisha huamsha kumbukumbu hiyo. Huamsha viini vingine vya kichakataji. Hukipa marekebisho yaitwayo maikrokodi. Huamua vipawa vipi vifunguliwe na vipi vifungwe. Mwisho mfumo endeshi hukabidhiwa mashine iliyokwisha kuwa na tabia. Mfumo huo hauwezi kushuhudia yaliyotendeka kabla yake, kwa kuwa haukuwapo.

Kungwi wa mwali huyu ni nani? Kwa miaka mingi alikuwa kampuni, na maneno yake hayakusomeka kwa mnunuzi. Mwaka 1999 Ron Minnich na wenzake katika maabara ya Los Alamos, Marekani, walianza kuandika programu ya kuamshia ambayo kila mtu aliweza kuisoma na kuibadili. Waliiita LinuxBIOS; tangu mwaka 2008 jina lake ni coreboot, nayo imo ndani ya kompyuta nyingi za Chromebook. Anayeitayarisha hupata orodha ya machaguo kabla programu haijajengwa: ubao wake ni upi, chipu yake ina ukubwa gani, maikrokodi itiwe au isitiwe, na, kwa baadhi ya mashine, kila kiini cha kichakataji kibebe kazi moja au kazi mbili kwa pamoja.

Machaguo haya huonekana kama mambo ya fundi, lakini ndani yake mna maadili. Tazama lile la mwisho. Kiini kibebacho kazi mbili huweza kuongeza kasi. Lakini mwaka 2018, baada ya kasoro zilizoitwa Spectre na Meltdown kutangazwa mwezi wa Januari, uchunguzi uliendelea mpaka ikadhihirika kwamba, katika vichakataji vingi, kazi mbili zilizomo katika kiini kimoja ziliweza kudokoleana siri. Mwezi wa Juni mwaka huo waandishi wa mfumo endeshi wa OpenBSD waliamua kuuzima ushirika huo kwa watumiaji wao, isipokuwa mtu autake mwenyewe. Hospitali yenye siri za wagonjwa huenda ikapenda usalama. Chumba cha wanafunzi wa hesabu huenda kikapenda kasi. Jibu moja halitoshi mahali pote, lakini kila mahali lazima awepo wa kujibu. Haki hudai kwamba achague yule atakayebeba matokeo.

Labda mtu atasema kwamba mwuguzi wa Kisarawe hana haja na baiti wala viini. Kazi yake ni kuponya watu. Tena chaguo moja baya huweza kuifanya mashine isiwake kabisa, ikahitaji fundi mwenye kifaa cha kuiandika chipu upya; na mlango ulio wazi kwa mwenye nyumba huweza kuwa wazi kwa mwizi. Hoja hii ni ya kweli, wala haifai kudharauliwa. Lakini kutokujua ni jambo moja, na kukatazwa kujua ni jambo jingine. Mgonjwa hajui utabibu, lakini anaweza kumwendea tabibu wa pili akauliza. Tangu mwaka 2013 vichakataji vingi vya Intel vina ulinzi uitwao Boot Guard. Mtengenezaji wa kompyuta akiuwasha na kuuchoma ufunguo wake katika chipu, programu ya kuamshia isiyo na sahihi yake haitakubaliwa maisha. Mwizi huzuiwa, na mwenye mali huzuiwa pamoja naye. Mlinzi asiyeweza kumtambua bwana wake analinda mali ya mtu mwingine.

Hata coreboot yenyewe haikufunguliwa vyumba vyote. Kwa vichakataji vingi vipya vya Intel, kumbukumbu huamshwa na furushi liitwalo FSP, ambalo kampuni hulitoa likiwa limekwisha kugeuzwa lugha ya mashine. Mjenzi hupewa vigezo vya kujaza. Hueleza atakalo, lakini hasomi jinsi linavyotendwa. Ni mfano wa mzazi aliyeruhusiwa kutuma maneno kwa kungwi kupitia tundu la ukuta.

Kinyume cha kosa hili kuna kosa la pili, nalo huvaa nguo ya wema. Ni kosa la mtu apendaye usafi wa mikono yake kuliko usalama wa jirani. Libreboot, programu iliyojengwa juu ya coreboot, kwa miaka kadhaa ilikataa maikrokodi mpya kwa sababu imefungwa na haisomeki. Mwaka 2022 iliubadili msimamo huo, na sababu ilikuwa nzito: kichakataji hutoka kiwandani na maikrokodi ndani yake, nayo imefungwa vile vile. Kuikataa mpya ni kubaki na kuukuu yenye kasoro. Aliyekwisha kunywa chupa ya kwanza isiyo na maandishi hapati uhuru kwa kuikataa ya pili inayotibu madhara ya ile ya kwanza. Uhuru wa kweli huanza kwa kupima, hata pale ambapo kila kipimo kina upungufu.

Kibaha ina mfano wake wa jinsi neno la kwanza la mgeni linavyoweza kuwa la haki. Mwaka 1963 Denmaki, Ufini, Norwe na Uswidi zilishirikiana na serikali ya Tanganyika kuanzisha pale mradi wa elimu, afya na mafunzo ya wakulima. Wageni walikuwa na sauti kubwa katika mwanzo ule. Mwaka 1970 mradi ulikabidhiwa kwa serikali ya Tanzania, ukawa Shirika la Elimu Kibaha. Zawadi ile ilikamilika siku ufunguo ulipobadili mikono. Kompyuta iliyoletwa shuleni ikiwa na amri ya kwanza isiyosomeka wala kubadilika ni nyumba iliyokabidhiwa kuta, viti na madirisha, lakini ufunguo wa chumba cha mbele umebaki ng'ambo.

Basi wajibu ni wa pande mbili. Mtengenezaji akifunga mlango kwa ajili ya usalama, amwachie mwenye mali ufunguo. Mnunuzi, iwe shule, hospitali au serikali, aulize kabla ya kulipa: nani huiamsha mashine hii, na nani aweza kuyabadili maneno yake? Mwalimu naye asiseme kwamba elimu hii i mbali. Coreboot huweza kujengwa na kujaribiwa ndani ya mashine ya kuigiza iitwayo QEMU, na mwanafunzi wa Minaki au wa Kibaha akikosea mara mia hakuna chipu itakayoharibika. Hawahitajiki wote kuijua; hata zamani makungwi walikuwa wachache. Ilitosha kwamba walikuwa wa nyumbani. Siku kijana mmoja wa Kisarawe atakapoisoma amri ya kwanza ya mashine yake na kuielewa, mwali atakuwa ametolewa nje.