Kungoja na Kutenda

Msomaji, lugha yetu ina mithali mbili zinazokabiliana kama mashahidi wasiopatana. Moja husema haraka haraka haina baraka. Ya pili hujibu ngoja ngoja huumiza matumbo. Aghalabu sisi huchagua ile inayoipendeza hofu yetu ya siku hiyo. Lakini huja siku ambapo mtu hana budi kuchagua kwa haki, na akikosea, fidia yake ni nuru ya macho.

Tuweke mfano. Mama wa makamo akaaye Laini Saba, Kibera, akaangaye mandazi kabla ya mapambazuko, ameambiwa na daktari kwamba pembe za macho yake ni nyembamba. Haumwi, na fedha za wateja anazihesabu bila taabu. Kwa nini basi akubali jicho zima litobolewe?

Kabla ya kumjibu yatupasa kujua jicho lilivyo. Ndani yake hutengenezwa maji safi wakati wote, ambayo si machozi. Maji hayo hupita katika mboni, yakatokea mbele ya lile duara la rangi, kisha hutoka kwa mifereji midogo iliyo pembeni, pale duara linapokutana na kioo cha mbele cha jicho. Katika macho mengine, hasa yaliyo madogo, pembe hiyo hubana kadiri umri unavyozidi na lenzi inavyonenepa. Yamkini miaka mingi ikapita bila dhara. Lakini pembe ikifungika ghafula, maji hukosa njia na jicho huwa gumu. Jicho huwa jekundu na kuuma sana, kichwa hugonga, mgonjwa hutapika, na taa huonekana zimezungukwa na pete za rangi. Pengine hufungika polepole, bila kilio. Kwa njia yoyote, mshipa wa fahamu ukifa haufufuki. Huo ndio ugonjwa wa glakoma, ambao wengi huuita presha ya macho. Na huu wa pembe kufungika ni namna moja tu kati ya namna zake.

Mwaka 1857 Albrecht von Graefe, daktari wa Berlin, alionyesha kwamba kukata kipande kidogo cha lile duara la rangi kwaweza kuliokoa jicho. Siku hizi miale ya leza hutoboa tundu dogo kwa dakika chache, bila kisu. Hata hivyo, tiba hiyo si bure kabisa: presha yaweza kupanda kwa muda, na wengine hubaki wakiona mstari wa mwanga.

Je, mwenye pembe nyembamba asiyeumwa atobolewe mara moja? Katika mji wa Guangzhou, China, watu 889 wa hali hiyo walipigwa leza jicho moja, la pili likaachwa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2019. Baada ya miaka sita, macho 19 yaliyotibiwa yalikuwa yameharibika hatua moja zaidi, na yasiyotibiwa 36. Faida ipo, lakini walio wengi hawakudhurika kwa kungoja.

Hapo mpenda kungoja atashangilia. Namwomba asubiri kidogo. Watu wale hawakuachwa porini. Waliitwa tena na tena kupimwa. Kungoja kwao kulikuwa kazi yenye miadi. Mama wa Kibera akisema, "Nitangoja," kisha asirudi kliniki kwa kuwa siku moja ya kwenda hospitali ni siku moja bila mandazi, bila nauli na bila chakula cha watoto, huyo hangoji, amejiacha. Kwa hiyo hesabu ile ile yaweza kutoa majibu mawili ya haki: awezaye kurudi ana ruhusa ya kungoja, asiyeweza, heri atende mapema.

Mfano wa pili ni fundi cherehani wa Kawangware aliyeamka usiku akitapika, jicho likiuma na kuona ukungu. Kwake mithali ya haraka haina nafasi tena. Kumwambia anywe dawa ya kichwa alale hata kesho ni kumdhulumu. Hospitali ya Kenyatta haiko mbali, na ile ya Kikuyu, magharibi ya Kawangware, ina idara ya macho; jirani mwema humshika mkono na kumpeleka saa ile ile.

Utasema jicho ni mali ya mwenyewe, na uamuzi ni wake. Ni kweli, na asilazimishwe na mtu. Lakini uhuru bila maarifa ni kutembea gizani. Daktari ana deni la kusema kweli yote, faida na hasara, kwa lugha ambayo mgonjwa aielewa. Jamaa nao wana deni la kumrahisishia njia ya kurudi. Tukimnyima hayo mawili, tusimlaumu kwa alichochagua.

Basi, msomaji, mithali zetu mbili hazigombani. Moja yaonya juu ya kutenda bila kufikiri, na nyingine juu ya kufikiri bila kutenda. Ukiamua kungoja, jiulize: nimeweka siku ya kurudi? Kama huna siku hiyo, ujue umekwisha kuamua, wala hukujua.