Bili ya Ukweli

Kutoka Nyayo Highrise hadi KEMRI, pale Barabara ya Mbagathi, ni mwendo wa miguu. Desemba 2006 maabara za KEMRI zilipima damu ya wagonjwa wa Garissa, jibu likawa Homa ya Bonde la Ufa. Wengi Nairobi walijua kupitia bucha: nyama ikakosa wanunuzi, bei ya kuku ikapanda. Wafugaji walijua mapema zaidi.

Hebu ona walivyojua. Mvua ilipitiliza, maji yakasimama, mbu wakaja kwa wingi usio wa kawaida, halafu kondoo wakaanza kutupa mimba, mmoja baada ya mwingine. Wafugaji Wasomali wana jina lao la ugonjwa huu, sandik, kwa sababu ya damu inayotoka puani. Watafiti waliowahoji baadaye waliona kwamba katika sehemu zilizoumia zaidi, dalili hizi zilitangulia hata tahadhari za kimataifa zinazotegemea setilaiti. Yaani mzee mwenye fimbo alishaona. Mlipuko ulipoisha mwaka 2007, watu zaidi ya 150 walikuwa wamekufa Kenya.

Sasa kinachonisumbua. Sura ya 364 ya sheria zetu inamtaka mwenye mifugo aripoti ugonjwa anaoushuku. Sawa. Lakini akiripoti, kinachofuata ni karantini: soko linafungwa, malori hayaondoki, na hata mbuzi aliyebaki mzima anakosa mnunuzi. Karo, unga, dawa ya mtoto, vyote viko ndani ya huyo mbuzi. Akinyamaza, anauza leo. Je, tunamwomba awe mkweli, ama tunamwomba awe maskini kwa niaba yetu?

Rafiki yangu mmoja, mtu wa sheria ni sheria, anasema hapo hakuna swali. Uhai kwanza, kwisha. Nakubaliana naye nusu. Mla choma hana shida kubwa, nyama iliyoiva vizuri haina neno. Ukiacha anayeumwa na mbu, ugonjwa humpata anayeshika damu: mchungaji anayemvuta mwanakondoo aliyefia tumboni, au kijana wa kichinjio cha Dagoretti anayelala Kawangware na hana glavu. Huyo kijana ana haki ya kuambiwa mapema. Hilo sibishani nalo.

Ninachobisha ni hesabu. Mfugaji akisema, wanaolindwa ni wengi, anayelipa ni yeye. Sisi wa Kenyatta Market Jumamosi, tunaoagiza kilo na kulalamika kachumbari ni kidogo, hatuchangii hata ndururu. Siku hizi kuna programu ya simu, KABS, ambayo wahudumu wa mifugo huitumia kutuma ripoti. Poa sana. Lakini ripoti huanza na mtu mwenye zizi kuamua kufungua mdomo, na simu haimlipii karo.

Eti ukilipa ripoti utaletewa uongo? Damu ya mnyama hupimwa. Fidia ingoje maabara. Mimi ningetoza shilingi chache kwa kila kilo pale bucha, ziwekwe kando kungojea siku soko litakapofungwa. Wala nisiite msaada. Ni sehemu ya bei ya nyama ambayo hatujawahi kulipa.

Rafiki yangu ameacha kuuliza kama ni haki. Sasa anauliza ni nani atashika hizo pesa.