Heshima Wanayostahili Wasiotajwa

Soma: Warumi 16:1–16

Katika usharika mmoja wa vijijini mkoani Singida tulimzika bibi aliyekuwa amevuka miaka themanini. Historia fupi ya marehemu ilisomwa kama tulivyozoea: alizaliwa, akabatizwa, akapata kipaimara, akafunga ndoa, akajaliwa watoto, akaugua, akalala. Tulipokuwa tukijiandaa kwenda kaburini, mzee mmoja aliyeegemea fimbo aliomba kusema neno. Alisema kwamba katika miaka ya mwisho ya utawala wa Waingereza, bibi yule, akiwa bado mke kijana, alibeba kadi za TANU ndani ya kapu, chini ya unga wa uwele, akizipeleka kijiji hadi kijiji kama mtu anayekwenda kusalimia wakwe. Wajumbe wa chama waliofika usiku kwa miguu walikula na kulala kwake. Siku moja askari walimsimamisha njiani. Akatua kapu, akapumzika, kisha akawaomba wamsaidie kujitwisha. Wakamtwisha, akaenda zake.

Waombolezaji walicheka huku wakilia. Sisi watumishi tuliona aibu. Tulikuwa tumempelekea Chakula cha Bwana nyumbani kwake miaka mingi, wala hatukuwahi kumuuliza habari zake. Binti yake alitueleza baadaye kwamba yeye alijua, ila mama alimkataza kuitangaza habari hiyo. Ndipo tukabaki na maswali mawili. Je, kazi kama ile inahusu nini na madhabahu? Na je, ni haki kumheshimu mtu ambaye mwenyewe hakutaka kuheshimiwa?

Tuanze na la kwanza. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Wakati ule mkulima wa Iramba au wa Unyaturu alilipa kodi, lakini hakuwa na sauti katika mambo ya nchi yake. Hata uchaguzi wa 1958 ulipofika, kupiga kura kulihitaji kipato, elimu au cheo ambacho wengi hawakuwa nacho, na kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mzungu mmoja, Mwasia mmoja na Mwafrika mmoja. Watumishi wa serikali walikatazwa kujiunga na chama. Hivyo kazi ya kukieneza ilibebwa kwa sehemu kubwa na watu wasio na cha kupoteza machoni pa wakubwa, na wengi wao walikuwa wanawake. Tunamjua Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa ngoma aliyeanza kuwaandikisha wanawake mwaka 1955. Nyuma yake walikuwapo maelfu waliouza kadi, waliopika na waliowaficha wageni.

Mwaka huohuo wa 1955, huko Montgomery, Marekani, Waafrika wa Marekani walikataa kupanda mabasi yaliyowabagua. Dunia inamkumbuka Rosa Parks na Mchungaji Martin Luther King. Ni wachache wanaomkumbuka Claudette Colvin, binti wa miaka 15, ambaye miezi tisa kabla ya Rosa Parks alikataa kuinuka kwenye kiti chake akakamatwa. Na ni nani anayewajua wapishi na wafuaji waliokwenda kazini kwa miguu kwa siku 381 hadi haki ikapatikana?

Tukiri pia kwamba wakati ule wapo watumishi wa kanisa waliowaonya Wakristo wasijihusishe na mambo hayo. Lakini Luther alitufundisha kwamba wito wa Mungu haukai kanisani tu. Uko jikoni, shambani na njiani, popote jirani anapohitaji kutumikiwa. Kusema hivi si kukipigia kampeni chama chochote cha leo. Ni kusema kwamba aliyembebea jirani yake haki alikuwa katika utumishi.

Swali la pili ni gumu zaidi. Katika Mathayo 6 Bwana anatuagiza tutoe kwa siri. Bibi yule alitii. Lakini Bwana huyohuyo, katika Marko 14, alisema kwamba tendo la mwanamke wa Bethania litasimuliwa popote Injili itakapohubiriwa. Agizo la kwanza anapewa mtenda. La kutosahau tunapewa sisi tuliotendewa. Mtu akinyamaza juu ya wema wake, huo ni unyenyekevu. Sisi tukinyamaza juu ya wema wake, tumekula deni.

Paulo hakutaka kuwa na deni hilo. Mwishoni mwa Waraka kwa Warumi anataja Fibi, Prisila, Mariamu, Trifaina na Trifosa, na hata mama yake Rufo, asiyetajwa jina. Ungamo la Augsburg, ibara ya 21, nalo linatufundisha tusiwaombe watakatifu, bali tuwakumbuke, ili imani yetu iimarike tukiona jinsi walivyosaidiwa kwa neema.

Mjini Singida uwanja wa mpira tulioujua kwa jina la Namfua sasa unaitwa Liti, kwa kumkumbuka mwanamke wa Kinyaturu aliyewaongoza watu kuupinga utawala wa Wajerumani. Ni jambo jema. Lakini viwanja havitatosha kwa wote, na wala havihitajiki. Daftari linatosha.

Kwa hiyo tulikubaliana na familia. Jina la bibi hatuliandiki katika kitabu hiki, kwa kuheshimu alivyotaka. Usharikani kwake linasomwa kila mwaka, Jumapili ya kuwakumbuka waliotutangulia, pamoja na kile alichokitenda. Vijana wa kipaimara nao wamepewa kazi ya kuwatembelea wazee na kuandika majibu ya swali moja: ulimtumikiaje jirani yako, na nani alikuwa pamoja nawe?

Mzee yule mwenye fimbo tulimzika mwaka uliofuata. Safari hii tulikuwa tumemuuliza. Historia yake ilijaza kurasa nne, na zaidi ya nusu yake ilikuwa majina ya watu wengine.

Bwana atusaidie kuuliza mapema.