Je, Ni Halali Kuvunja ili Tujue?



Mtoto akitaka kujua kilichomo ndani ya saa huivunja, nasi humkemea. Je, wataalamu nao wakivunja ili wajue, tuwakemee? Swali hili lilitujia tuliposoma habari za malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, uliofanya vijiji vizima vihamishwe katika nchi yetu siku za ukoloni.

Huko Stanford, Marekani, upo mtambo wa leza ulioanza kazi mwaka 2009. Elektroni hukimbizwa kwa kasi iliyo karibu na ile ya mwanga, kisha hupitishwa kati ya safu za sumaku zinazoziyumbisha huku na huku. Zikiyumba hutoa eksirei ambazo mawimbi yake ni mafupi kama upana wa atomu, nayo huenda kwa hatua moja kama askari wa gwaride. Kila mmweko ni mfupi kuliko sehemu ya milioni ya milioni ya sekunde.

Kwa mwanga huo ilichunguzwa protini moja ya kijidudu cha malale, na matokeo yakatangazwa mwaka 2012. Fuwele zake ndogo mno zilikuzwa ndani ya seli za wadudu. Kila fuwele iliyopigwa na mmweko iliharibika, lakini alama yake ilinaswa kabla haijasambaratika. Alama moja haikutosha. Zilikusanywa maelfu kwa maelfu, ndipo umbo la protini likaonekana, nalo ni msaada kwa watafutao dawa.

Twaona kuvunja huko ni halali kwa sababu mbili. Fuwele moja ikiharibika, zipo nyingine zilizo sawa nayo. Tena, hakuna aliyetoa hukumu kwa alama moja.

Sisi tuliofundisha chuo cha ualimu hatukuwa waangalifu hivyo. Tulimtazama kijana mmoja mara moja tu, katika somo moja la majaribio, tukaandika: "Hafai." Neno hilo lilimvunja, wala hakuwapo mwingine aliye sawa naye. Miaka mingi baadaye tulimkuta kijijini kwake akiwafundisha watu wazima kusoma, bila cheti, nao wakimpenda. Tuliona haya.

Wenye mwanga mkali namna ile hawakuuamini mtazamo mmoja. Basi sisi wenye macho haya ya kawaida, kabla ya kumhukumu mwenzetu, tumtazame tena na tena.