Rangi ya Ngozi ni Amana

Tunauliza swali moja: rangi ya ngozi yetu ni mali yetu, tuifanyie tupendavyo, ao ni amana ya Mungu?

Tuangalie kwanza kazi yake Muumba. Ndani ya ngozi mna chembe ndogo zinazotengeneza rangi iitwayo melanini. Chembe moja hugawia majirani karibu 36, na kila jirani huiweka rangi hiyo juu ya kiini chake kama mwavuli wa kukinga jua. Mtu mweusi na mtu mweupe wana hesabu karibu sawa ya chembe hizi. Hata ndugu yetu albino anazo, ila hazitoi rangi ya kutosha. Basi nani ajivune, na nani amcheke mwenzake?

Tena Mungu ameweka akiba. Katika shina la unywele zimefichwa chembe za mbegu. Ugonjwa wa madoa meupe ukiondoa rangi, mara nyingi inaporudi huanza kwa nukta ndogo ndogo kuzunguka nywele. Kiganja cha mkono hakina nywele, na pale rangi hurudi kwa shida. Aliyeweka akiba namna hii alitaka kitu chake kilindwe.

Na sisi? Tunatoa feza kununua mafuta ya kuchubua. Idrokinoni huzuia chembe zile kufanya kazi, na ikipakwa muda mrefu yaweza kuleta madoa meusi magumu kutoka. Zebaki huharibu figo. Afrika ya Kusini ilikataza idrokinoni katika mafuta ya urembo tangu 1990.

Lakini tusiwahukumu dada zetu peke yao. Nani alimsifu bibi arusi kwa weupe wake? Nani alimwambia binti yake kwamba ni mweusi mno? Ni sisi wababa, hata sisi mashemasi. Binti alisikia, akaenda sokoni. Aliyemfundisha mtoto kujionea haya ana sehemu katika kosa lile.

Basi aliyekwisha kujipaka aende kwa munganga wa hospitali, wala tusimcheke. Nasi tuchunge vinywa vyetu. Tusome Yeremia 13:23. Nabii hakuiona ngozi ya Mkushi kuwa kosa. Aliyoyalilia ni maovu ambayo watu wameyazoea. Hayo ndiyo ya kubadilisha.

Bwana awabariki.